Doa la Saa ya Shemeji

Dobi alipoliona lile doa, kitu cha kwanza alichohisi ni furaha. Haukuwa mshtuko, wala uchungu wa mtu aliyeharibikiwa na kitu cha thamani. Ilikuwa furaha tupu. Ilimpanda kifuani kama ya mtoto aliyemfumania mwenzake akilamba sukari, naye akaisogeza saa kwenye mwanga wa mlango, akaigeuza huku na huku, akasema peke yake, "Nilijua."

Halafu akaona haya. Akageuka kutazama kama kuna aliyemsikia. Hakukuwa na mtu ila Mpiga Pasi, mama mmoja mnene aliyefanya kazi pale miaka na miaka, naye alikuwa ameinamia kola ya shati kama anamnong'oneza mtu.

Doa lilikuwa kwenye mkanda, pale pingili za chuma zinapokutana na kifungo. Rangi yake ilikuwa ya chai kavu. Lilianzia kwenye maungio, likatambaa pembeni, na katikati lilikuwa na vipele vidogo vyekundu. Dobi alikuwa ameishi na madoa maisha yake yote. Alijua la damu, la mafuta, la wino, la majani, la mvinyo na la vipodozi vya mtu ambaye si mke wa mwenye shati. Hili alilijua bila hata kuvaa miwani. Lilikuwa kutu. Na saa ya bei ile haishiki kutu, labda iwe feki.

Ilikuwa saa ya kifahari, ya aina ambayo watu huiona kwenye mabango ikiwa mkononi mwa mzungumzaji mwenye meno mazuri. Nyumbani bei yake ilitajwa kwa kunong'ona, kama ugonjwa. Alikuwa amepewa na fundi wa lifti aliyetaka kumwoa mdogo wake, na ilikuwa bado mpya kiasi kwamba watoto walikuwa hawajachoka kuigombania.

Mdogo wake huyo watu wote walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango tumboni mwa mama yao, na jina likamganda hata alipokuwa mtu mzima, karani kwenye ghorofa refu, mwenye ufunguo wake na maneno yake. Wazazi walipofariki, Dobi ndiye aliyebaki naye. Alimlea kwa sabuni na pasi. Alijifunza hata kumsuka kabla ya kwenda shule, mistari ikienda mrama hivi kwamba mwalimu aliwahi kuuliza kama msusi alikuwa na mafua. Kwa hiyo mtu aliyetaka kumchukua Kitinda, Dobi alimtazama kama mteja anayedai nguo isiyo yake.

Na huyu alikuja na hadithi isiyomfurahisha. Alikutana na Kitinda siku lifti ilipokwama na Kitinda akiwa ndani. Fundi alizungumza naye kupitia mlango uliofungwa, akamwuliza anapenda nini na hapendi nini, ili asiogope, mpaka mlango ukafunguka.

"Watu wanakutana mlangoni," Dobi alimwambia mkewe, "tena mlango wenyewe umekwama."

Siku ya kwanza Fundi alipoalikwa nyumbani, alichelewa mno. Chakula kilipoa, kikapashwa, kikapoa tena. Alifika na grisi kwenye kola, akaeleza kwamba kulikuwa na watu wamekwama kati ya ghorofa mbili na mmoja wao alikuwa mjamzito. Dobi alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Saa huna?"

Mara ya pili Fundi aliwahi kabla hata viti havijapangwa, akatoa kisanduku mfukoni, akakiweka mbele ya Dobi kwa mikono miwili.

"Ni yako, kaka. Ili unipimie. Nikichelewa tena unihukumu kwa ushahidi."

Mke wa Dobi alicheka mpaka akajishika kwenye ukuta. Dobi hakucheka, lakini saa aliivaa. Tena aliipenda, na hapo ndipo palipomuuma: aliipenda saa na hakumtaka mwenye kuileta. Alikunja mikono ya shati mpaka kwenye kiwiko hata siku za baridi. Akimsalimia mtu, alimsalimia kwa mkono wa kulia na kumshika bega kwa wa kushoto, ili isipotee bure.

Kazini aliivua, maana mikono yake ilishinda majini. Hakuwa mjinga. Hakuiweka mfukoni ambako angeikalia, wala kwenye kaunta ambako mikono ya watu hupita. Alipigilia msumari mpya kwenye ukuta wa ndani, juu kiasi, mkabala na mlango, akaitundika pale. Maji yasingefika. Mwizi naye asingefika, kwa sababu chini yake palikuwa na pipa la buluu ambamo shuka za hoteli zililazwa kwenye dawa ya kung'arisha, na hakuna aliyependa kulisogelea. Lakini mteja yeyote aliyeinua macho aliiona ikimetameta.

"Dobi, ile saa ni yako?"

"Ah, ile? Kitu kidogo tu."

Jioni ya siku alipoliona doa, alimwita mkewe chumbani kwa sauti ya mtu mwenye habari.

"Mama watoto, njoo uone."

Mkewe alifuta mikono kwenye khanga, akaishika saa, akaikodolea macho. "Labda ni jasho lako."

"Jasho langu ninalo tangu nizaliwe, halijawahi kula chuma."

"Basi mpelekee fundi saa aiangalie."

"Wa nini? Mimi madoa nayajua."

"Unayajua ya nguo." Mkewe alimrudishia. "Na usimwambie Kitinda kwanza. Usije ukamkata maini bure."

"Simwambii."

Alimwambia kesho yake, kabla Kitinda hajatua hata mkoba.

Kitinda alikuwa na mazoea ya kupitia dukani kila atokapo kazini ili amsaidie kaka yake kukunja shuka. Shuka ya kitanda kikubwa haikunjwi na mtu mmoja. Mmoja anashika pembe huku, mwingine pembe kule, mnaivuta mpaka inyooke, halafu mnatembea kukutana katikati. Walifanya hivyo tangu Kitinda alipokuwa mfupi wa kulazimika kuinua mikono juu ya kichwa. Mazungumzo yao yote makubwa yalifanyika pale: matokeo ya mitihani, hedhi ya kwanza aliyoieleza huku akitazama dari, hata siku aliyomtaja Fundi kwa mara ya kwanza.

"Kuna jambo," Dobi akasema, akiwa ameshika pembe zake, "lakini silisemi kwa ubaya."

Mtu akianza hivyo, ubaya umeshavua viatu na kuketi. Alimwonyesha saa. Kitinda aliitazama kwa muda.

"Labda walimdanganya dukani," akasema. Sauti yake ilikuwa inaomba.

"Adanganywe? Mtu anayeshinda akifungua vyuma na kuvifunga, adanganywe na chuma?"

Ndilo neno lililomaliza kazi. Dobi aliona likiingia. Kitinda alikuwa amemsifia Fundi mara nyingi kwa hilo hilo, kwamba akigusa chuma anajua kimetoka wapi na kinaumwa nini. Uso wake ulibadilika kidogo kidogo. Dobi akasikia kitu kikimchoma ubavuni, akakipuuza, akatembea na pembe zake mpaka katikati.

Fundi aliitwa, akaja siku hiyo hiyo na sanduku lake la spana begani. Aliliweka mlangoni kwa adabu, lisichafue sakafu. Kitinda alisimama ndani ya kaunta na saa mkononi, Dobi nyuma yake.

"Hii ni feki?"

"Feki?" Fundi akacheka, akidhani ni utani, kisha akaacha. "Nimeinunua kwenye duka lao wenyewe."

"Mbona inashika kutu?"

Aliichukua. Aliinamia pingili, akapitisha ukucha juu ya doa, akanyamaza. Kunyamaza kule Dobi alikutafsiri bila kusema neno. Alikohoa tu, kikohozi cha mtu aliyekwisha kuelewa.

"Sijui," Fundi akasema mwishowe. "Kweli sijui."

"Mtu anayempa kaka yangu kitu cha uongo mbele ya macho yangu," Kitinda akasema, "mimi atanipa nini?"

Hapo Dobi angeweza kusema, jamani, tulieni, tuchunguze kwanza. Maneno yalikuwa mdomoni, hayana hata uzito. Badala yake aligeuka akanyoosha shati kwenye hanga, shati ambalo lilikuwa limenyooka.

"Nitaipeleka dukani," Fundi akasema.

"Ipeleke. Ukimaliza usirudi."

Fundi alimtazama Kitinda, kisha Dobi, kisha tena Kitinda. Akaliinua sanduku, akaondoka kwa miguu. Kitinda alibaki akitazama mlango ulio wazi.

"Alikuwa anaweka akiba ya pikipiki," akasema. "Akaniambia pikipiki itasubiri, kwanza saa ya kaka. Kumbe hata hilo lilikuwa uongo."

Kama saa ilikuwa feki, basi pikipiki iko wapi? Mtu amebeba chuma begani kutoka upande wa pili wa mji. Swali lilikuwa wazi kama mchana, na jibu lake lilikuwa karibu nalo, na Dobi hakulisema. Akamwambia mdogo wake, "Pole. Bora mapema."

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya, lakini bado alikuwa na haki yake ya kushikilia. Aliishikilia. Mkewe akimtazama mezani, alisema, "Mimi nimemwambia alichoona kila mtu." Mkewe alijibu, "Sawa," kwa namna ambayo haikuwa sawa hata kidogo.

Kisha likaja lile koti.

Lilikuwa koti zito la mteja, lenye zipu nene ya shaba na vifungo vya chuma mfukoni. Mpiga Pasi alikuwa amelimaliza, akalitundika kwenye kamba ya ndani, karibu na ukuta. Dobi alitoka nyuma akaliona, na hasira zikampanda. Siku hizo hasira zake zilikuwa zikingoja tu mlangoni.

"Nimesema mara ngapi vitu vya zipu havikai juu ya pipa? Ile dawa inapumua! Unaona haijagusa kitu, lakini pumzi yake inakula chuma, zipu, vifungo, ndoano, hata..."

Akakwama. Kidole chake kilikuwa kimenyooka kulielekea koti. Juu ya koti, mkono mmoja tu, palikuwa na msumari. Aliupigilia mwenyewe ukiwa mpya unang'aa. Sasa ulikuwa umevimba kutu, mwekundu kichwa na shingo, na chini yake chokaa ya ukuta ilikuwa imeteremkiwa na mchirizi wa rangi ya chai.

Ilikuwa amri ya kwanza aliyomfundisha kila mtu aliyewahi kufanya kazi naye. Chuma cha mteja hakikai upande wa pipa. Aliwahi kumlipa mtu koti kwa sababu hiyo. Na saa yake mwenyewe aliitundika pale pale, juu ya kifuniko kisichofunga vizuri, kutwa nzima, kila siku, ili watu waione.

"Hata nini, bosi?" Mpiga Pasi akauliza, pasi ikiwa hewani.

"Hata... basi. Ondoa koti."

Mtu mwema angefunga duka akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake. Dobi alingoja Mpiga Pasi aende kula, akachukua koleo, akaung'oa msumari. Tundu akaliziba kwa kipande cha sabuni, akakisawazisha kwa kidole gumba. Halafu akalisukuma pipa mpaka ukuta wa pili, akihema, mgongo ukilia, shuka za watu zikimwagika maji miguuni pake. Msumari alitaka kuutupa mtaroni. Alifika mpaka mlangoni nao, mkono ukakataa. Akautia mfukoni.

Mpiga Pasi aliporudi alisimama katikati ya duka.

"Pipa limetembea?"

"Nimepanga duka."

"Na ukuta unanukia sabuni."

"Hili ni duka la dobi. Ulitaka unukie nini?"

Mama yule alichukua shati lingine, akaanza na kola.

Dobi alikuwa na hoja zake, na alizipanga vizuri kama nguo za Jumamosi. Hakuna aliyejua. Kitinda alikuwa bado kijana, angempata mwingine, tena mwenye kazi isiyokwama. Fundi naye angesahau. Na akisema, itakuwaje? Yule msichana alikuwa amemwamini tangu siku za nywele zilizopinda. Kaka akisema maji ni ya moto, hakuweka kidole. Hicho ndicho kitu pekee Dobi alichokuwa nacho ambacho hakukinunua wala kupewa, na sasa kingemtoka mkononi kwa sababu ya majivuno ya saa. Alizipanga hoja, akazitazama, na roho ikamsuta vile vile. Msumari mfukoni ulimchoma kila alipoketi.

Jioni moja Kitinda alikuja kukunja shuka kama kawaida. Alikuwa amekonda usoni. Walishika pembe, wakavuta, wakatembea. Mikono yao ilipokutana katikati, yake ilikuwa ya baridi, naye hakuiachia shuka.

"Ahsante, kaka," akasema. "Bila wewe ningeingia kichwakichwa. Wewe tu ndiye hujawahi kunidanganya."

Shuka ikamponyoka Dobi, upande wake ukaanguka sakafuni kwenye maji. Alifungua kinywa. Kila kitu kilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi: msumari, pipa, ile furaha ya siku ya kwanza.

"Shika vizuri," akasema.

Kitinda aliiangalia shuka ambayo hakuiangusha yeye, akasema, "Samahani," akaiokota ili ifuliwe upya. Dobi alikwenda nyuma akajifanya anakagua mabomba. Alijiinamia pale kwenye mvuke na akajichukia kwa dhati, kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima.

Jumamosi Fundi akarudi. Kitinda alikuwa ndani, nyuma ya pazia, akipanga foronya na Mpiga Pasi, na Fundi hakujua. Alisimama kwenye kaunta na kisanduku kile kile cha siku ya kwanza. Hakuwa na spana. Alikuwa amevaa shati safi, na mikono yake ilikuwa imesuguliwa mpaka ngozi imekuwa nyekundu kandokando ya kucha.

"Sikuja kusumbua, kaka. Nimekuja kuomba radhi."

Dobi alimtazama asielewe.

"Dukani wameiangalia. Wamesema ni yao, ni halali. Lakini doa limetokana na dawa kali. Nimelala nikiwaza, dawa gani? Halafu nikakumbuka. Siku ile nilipoinunua nilitoka kazini moja kwa moja. Mikono yangu ilikuwa na grisi na kile kimiminika cha kusafishia reli za lifti. Niliifungua njiani niitazame. Niliishika shika pale pale kwenye kifungo, kama mtoto." Akasukuma kisanduku mbele. "Kwa hiyo ni mimi. Nilikupa kitu ambacho nilikwisha kukiharibu. Wanasema linasafishika, nikitaka. Mimi nataka tu umwambie Kitinda kwamba sikudanganya. Nilikuwa mchafu tu."

Mlango wa kutokea ulikuwa umefunguliwa wazi mbele ya Dobi, tena na mtu mwingine, na kwa heshima. Ilibaki kusema, yamekwisha, kijana. Kila mtu angepona. Kitinda angempata mchumba wake, Fundi angesamehewa kosa lisilo lake, na kaka angebaki kaka. Dobi alihesabu jambo hilo haraka na karibu alichukue. Alikwisha kuinua mkono amguse bega.

Lakini alikuwa dobi. Aliijua ngozi iliyosuguliwa kwa brashi. Mtu hasugui mikono namna ile kwa ajili ya saa. Fundi alikuwa amesimama nyumbani kwake, mbele ya beseni, akijisugua uchafu ambao haukuwepo, na aliyempaka alikuwa yeye Dobi.

Dobi alitia mkono mfukoni, akautoa msumari, akauweka kwenye kaunta. Akafungua kisanduku, akailaza saa kando yake. Rangi zilikuwa moja.

"Kitinda," akaita. "Njoo."

Pazia likasogea. Kitinda alimwona Fundi, akasimama hapo alipo. Nyuma yake pasi ilikuwa imenyamaza.

"Huu ndio msumari niliotundikia saa," Dobi akasema. "Ulikuwa pale, juu ya pipa, kabla sijalihamisha. Pale ambapo sikubali mtu yeyote atundike zipu. Saa haina ubaya. Huyu hana ubaya. Dawa ni yangu, pipa langu, na niliitundika pale ili wateja waione."

Kitinda aliukaribia ule msumari, akaugusa kwa ncha ya kidole.

"Umejua lini?"

"Siku hizi hizi."

"Kabla sijakushukuru, au baada?"

Dobi alitamani sakafu ipasuke. "Kabla."

Kitinda alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea habari za msiba kwa simu. Halafu akauliza swali ambalo Dobi hakulitegemea, na alipolisikia alijua kwamba ndilo hasa alilokuwa akiliogopa tangu mwanzo.

"Na ulipoliona lile doa siku ya kwanza, kaka. Ulisikitika?"

Hakuna shahidi aliyekuwepo. Angeweza kusema ndiyo, na neno moja la uongo juu ya mengine lisingeonekana.

"Nilifurahi," akasema.

Mpiga Pasi alivuta pumzi nyuma ya pazia. Kitinda alifumba macho, akayafumbua, akamgeukia Fundi.

"Na mimi ndiye niliyekwambia usirudi."

"Ndiyo, wewe," Fundi akasema. Hakusema kwa ukali, lakini hakulipunguza. Alimtazama tena Dobi, kwa macho ya mtu anayesikiliza mashine ili ajue inalia wapi. "Niacheni kidogo. Nina lifti imekwama." Akatoka, bila kuchukua saa.

Kitinda aliichukua yeye. Alikuja upande wa ndani wa kaunta, akaushika mkono wa kushoto wa kaka yake, akamvisha. Alikibana kifungo kwa nguvu mpaka kikamng'ata vinyweleo.

"Wamesema linasafishika," Dobi akanong'ona.

"Usilisafishe."

Hakulisafisha. Aliivaa hivyo hivyo kazini, mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani ukiwa juu yake umefungwa kwa mpira, akionekana kama mgonjwa aliyetoroka wodini. Wateja wakauliza, maana wateja ndio walivyo. Dobi, mbona saa yako ina doa, na wewe ndiye bingwa wa madoa? Mwanzoni alitaka kuwatania. Kitinda alikuwa akikunja shuka na Mpiga Pasi, siyo na yeye, na masikio yalikuwa wazi. Kwa hiyo alijibu: niliitundika juu ya dawa ili mwione, ikaharibika, nikamsingizia aliyenipa. Watu walicheka, wakidhani ni mzaha wa dobi, kisha wakimtazama usoni waliacha.

Kwenye lile ghorofa refu alikwenda mwenyewe. Lifti alikuwa anaziogopa tangu ujana wake na hakuwahi kukiri. Alipanda ngazi mpaka juu kabisa, kwenye chumba cha mashine, akafika hana pumzi ya kuanzia. Fundi alikuwa amepiga magoti, mikono ndani ya waya. Hakugeuka.

"Jumapili," Dobi akasema, akihema. "Chakula cha mchana. Si kwa ajili ya saa. Wala si kwa ajili yangu. Kitinda hali chakula."

"Nitajaribu," Fundi akasema.

Jumapili mke wa Dobi alipika mapema. Viti vilipangwa. Kitinda alivaa gauni la buluu, akaketi mkabala na mlango, kisha akahamia dirishani ili isionekane kwamba anangoja, kisha akarudi mkabala na mlango. Muda uliotajwa ukafika, ukapita. Chakula kikaanza kupoa. Mke wa Dobi alikifunika, akakifunua, akakifunika. Dobi alijua vizuri ni nani waliyekuwa hawamtazami.

Saa ilikuwa mkononi mwake. Ilikuwa saa nzuri sana, haikukosea hata kidogo. Aliutazama mshale mrefu ukizunguka, ukiteremka, ukipanda tena, naye akaanza kuomba kimoyomoyo, kwa unyenyekevu ambao hakuwahi kuomba nao kitu: Mungu wangu, wawepo watu wamekwama. Wengi. Mahali popote, kati ya ghorofa zozote, salama lakini wamekwama kabisa.

Kitinda aliinuka kwenda chumbani kwake. Alikuwa ameshika kitasa aliposikia chuma kikigusa sakafu ya nje, taratibu, kama kinachowekwa na mtu asiyetaka kuchafua. Akabaki na kitasa mkononi.

Mlango ulifunguka. Fundi alikuwa na grisi kwenye kola.

"Kaka, samahani," akasema. "Nimechelewa sana."

Dobi alikuwa tayari ameuficha mkono wa kushoto chini ya meza.

"Sijui," akasema. "Sikutazama saa."

Mkewe akaanza kupakua.